Mnyororo Si Tiba

Mwezi uliopita nilivuka bahari hadi kisiwani Pate kuwajulia hali jamaa zangu. Uani mwa nyumba moja nilimkuta mwanamume niliyevua naye samaki utotoni, amefungwa mnyororo mguuni chini ya mkwaju. Mamake, ajuza aliyenipakulia chakula mara nyingi, aliniambia bila ya kuinua macho: "Mwanangu, hatumfungi kwa chuki. Dawa zimekwisha."

Maneno hayo mawili ya mwisho yamenikosesha usingizi. Mama huyu hakudai kwamba mwanawe amerogwa wala amepagawa na pepo. Anajua ni maradhi, na tiba yake anaijua. Kwa miaka mitatu mwanawe alidungwa sindano mara moja kwa mwezi, akawa analala usiku na kutengeneza nyavu mchana. Kisha sindano zikakosekana katika zahanati ya karibu, akaambiwa aende Mombasa. Safari hiyo ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, na mgonjwa wa aina hiyo hasafiri peke yake. Nauli ya watu watatu, kwenda na kurudi, kila mwezi! Ni mvuvi gani awezaye kuimudu?

Kasoro hii ni ya zamani. Hospitali ya Mathari, jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1910 ili kuwatenga walioitwa wendawazimu. Zaidi ya karne moja baadaye, bado tunaamini kwamba mahali pa mgonjwa wa akili ni mbali na kwao. Mbona mwenye kisukari hatumwambii hivyo?

Sheria tunazo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata afya bora kabisa iwezekanavyo. Mwaka wa 2020, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na kaunti zikabebeshwa jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyao. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi na kwamba madaktari wa akili ni wachache. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini hakuna anayedai kila kisiwa kijengewe hospitali. Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka wa 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi bencini na watu waliolemewa na huzuni, wakawasikiliza na kuwashauri. Nyanya hao hawakuwa madaktari, na mpango wao umesifiwa ulimwenguni.

Sisi nasi tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa mwaka wa 2023. Wafunzwe kumtambua mgonjwa mapema na kufuatilia iwapo anatumia dawa. Muuguzi wa zahanati afundishwe kudunga sindano hiyo, nayo iagizwe pamoja na dawa za malaria. Daktari wa akili avuke kwa boti mara moja kwa mwezi. Ni nafuu mmoja awafuate wagonjwa ishirini kuliko ishirini kumfuata mmoja. Maimamu, wachungaji na waganga, ambao aghalabu ndio wanaoendewa kwanza, washirikishwe badala ya kubezwa, ili wawaelekeze wagonjwa zahanatini.

Nasi majirani tuna deni. Tuache kuwacheka wagonjwa hawa njiani na kuwanyima jamaa zao posa.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yule hakuficha chochote. Alipiga hodi kila mahali alipoelekezwa, akarudi mikono mitupu, ndipo akanunua mnyororo. Walio na mamlaka wasimlaumu kwa kuununua. Wahakikishe tu kwamba mwezi ujao sindano ipo.