Darasa liingie kambini
Na Joseph Lado

Matokeo ya sekondari yakitoka hapa Juba, wazazi wasio na ada ya chuo huishia kwenye kauli moja: aende jeshini, huko atasomeshwa. Nimeisikia Gudele, nimeisikia Munuki, na juzi nimeisikia sokoni Konyokonyo kwa mama ambaye mwanawe amefaulu vizuri. Simlaumu hata kidogo. Anatafuta mlango, na huo ndio alioonyeshwa.

Wanaosema hivyo humtaja Dkt. John Garang. Ni kweli alikuwa mwanajeshi, na ni kweli alikuwa msomi mkubwa. Ila maisha yake tunayasimulia nyuma mbele. Alipotaka kuingia vita vya kwanza vya Kusini mwa Sudan akiwa bado kijana mdogo, wakubwa walimrudisha akasome kwanza. Akasoma sekondari Tanzania, akapata shahada yake Grinnell, Marekani, mwaka 1969, ndipo akajiunga na Anyanya, waasi wa kusini. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulipowaingiza wapiganaji katika jeshi la Sudan, alipata ruhusa ya kurudi masomoni, na mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Iowa State kikamtunuku shahada ya uzamivu ya uchumi. Jeshi lilimwendeleza mtu aliyekwisha kusoma.

Kizazi kilichofuata hakikupata bahati hiyo. Watoto waliotembea hadi Ethiopia miaka ya 1980, wale walioitwa Jeshi Jekundu la SPLA, jeshi la Garang, wengi waliambiwa wanakwenda shule. Huko Itang na Pinyudo herufi walijifunza chini ya miti, wakiziandika mchangani kwa kidole kwa kukosa daftari. Kisha wakafundishwa bunduki. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ya Ethiopia ilipoanguka walikimbia tena, na wengi wakaangamia Mto Gilo. Waliosoma hasa walisomea Kakuma, Kenya, walikoanza kufika 1992, au Kuba, ambako mamia walipelekwa wangali watoto na baadhi wakahitimu udaktari. Walisoma walipoachana na silaha. Hilo tusilisahau tunapowapeleka wadogo zao.

Na leo hali ikoje? Agosti 30, 2022, kundi la kwanza la vikosi vya pamoja vya serikali na waliokuwa waasi lilihitimu kwenye kaburi la Garang, baadhi wakiwa na bunduki za mbao. Kabla ya siku hiyo wapo waliotoroka kambi za mafunzo kwa njaa. Baada yake mishahara imechelewa miezi kwa miezi. Askari anayehangaikia unga wa watoto hana nafasi ya kushika kitabu, hata kama angekuwa nacho.

Jirani yangu ni sajini. Alikuja jioni moja na karatasi ya hospitali na pakiti tatu za dawa za bintiye. “Ustaz, hii ya asubuhi ni ngapi?” Nikamweleza, akarudia, akachanganya. Mwishowe nikamchorea jua na mwezi juu ya kila pakiti. Mtu huyu ameitumikia nchi tangu ujana wake, na hakuna siku jeshi lilimweka mbele ya ubao. Iliniuma sana.

Wenzetu Tanzania wana Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) tangu 1963. Kijana hufundishwa ukakamavu, lakini pia kilimo, ufugaji, ujenzi na ufundi. Wengi hawapati ajira jeshini, hurudi nyumbani, na wapo wanaolalamika kwa haki. Hata hivyo hawarudi mikono mitupu.

Sisi tunao mpango wa elimu ya kasi unaobana miaka 8 ya msingi katika miaka 4. Uingizwe Bilpam, Giyada na kila kambi ya jeshi, kwa saa zilizopangwa kama gwaride linavyopangwa, na mtihani uwe uleule wa raia. Wizara ya Ulinzi na Wizara ya Elimu ziweke fedha zake kwenye bajeti kwa jina, na mishahara ilipwe. Sheria ya Mtoto ya 2008 inakataza kuandikisha aliye chini ya miaka 18. Ifuatwe bila kisingizio. Na kijana anayekuja na cheti cha sekondari asifanywe kuruta wa kuchotea wakubwa maji. Apewe darasa hilo afundishe, na muda aliofundisha uhesabiwe siku atakapoomba nafasi na ufadhili Chuo Kikuu cha Juba.