Volani ngumu si shule ya udereva

Vijana wa Mwadingusha wanaofika Likasi kutafuta kazi ya udereva wanadanganywa. Wanaambiwa kwamba volani ya mchezo wa mbio za magari, ikiwekwa nguvu ya mwisho, inafundisha kuendesha lori. Familia zilizohama, ambazo pesa ya unga yenyewe ni shida, zisitoe hata franga moja kwa ajili hiyo.

Nguvu ya mwisho inaficha barabara. Kituo cha umeme cha Mwadingusha, tangu kilipotengenezwa upya mwaka 2021, kina megawati 78. Kikiombwa 90, zitatoka 78 zile zile. Mota ya volani ni hivyo hivyo. Ikifunguliwa yote, kona nyepesi inaigusa mwisho, kona kali pia, na mkono hausikii tofauti. Tena matairi ya mbele yakianza kuteleza, volani inapaswa kulegea kidogo. Hiyo ndiyo habari yenyewe, nayo inapotea! Nguvu ishushwe mpaka kona kali kabisa tu ndizo ziguse mwisho. Na ile springi ya bandia inayovuta volani katikati izimwe.

Hata ikipangwa vizuri namna hiyo, lori la shaba lina breki za hewa na tani nyingi mgongoni. Mchezo hauna. Kijana akae kando ya dereva wa kweli, na wenye vyumba vya michezo wauze mchezo kwa bei ya mchezo.