Wazee wa Songo Mnara wamesomwa, wagonjwa wa Kivinje bado wanasubiri

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani: Manda, Faza na Mtwapa kwa upande wa Kenya, na kwetu Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Mifupa ilieleza kwamba takriban mwaka 1000 wenyeji walianza kuoana na watu waliotoka Uajemi, na kwamba damu ya Kiafrika ilipita zaidi kwa kina mama. Nyumbani Kivinje, wilayani Kilwa, habari hiyo ilizungumzwa sana barazani, maana hadithi za Washirazi kuja kutoka Uajemi tumekua nazo. Nami nilifurahi. Lakini kazi yangu ni vinasaba vya saratani, katika maabara moja ya Dar es Salaam, na furaha ile ilinijia na uchungu ambao naomba niueleze.

Mifupa ile ilikaa karne kadhaa ardhini, katika joto letu hili na unyevu wa bahari. Watafiti wa mambo ya kale huchukua unga kidogo kutoka kwenye mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, au kwenye jino, na bado vinasaba vinasomeka. Kinyama kilichokatwa juzi kwenye titi la mama aliye hai, kikitoka kusini kuja mezani kwangu, mara nyingi hakisomeki.

Nitoe mfano. Kopo moja kutoka Kilwa lililetwa na kondakta wa basi, mfuniko umezungushiwa selotepu, karatasi ya jina imelowa hadi wino umesambaa. Ndani kulikuwa na kinyama kikubwa cha titi la mama mmoja, kilichosukumwa kwenye kopo dogo, formalini ya kukihifadhi imekifunika nusu tu. Kwa nje kilikuwa kigumu, cha kijivu. Nilipokipasua katikati, kilikuwa laini na kinanuka. Formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, na inatakiwa iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe. Tena isiposawazishwa kwa chumvi zake hugeuka kuwa tindikali, na tindikali hukatakata vinasaba. Kinyama cha namna hiyo, mtaalamu wa hadubini huenda akaweza kusema kwamba hii ni saratani. Ukiuliza ni jeni gani limeharibika, hakuna jibu. Mama yule alitakiwa akatwe tena, na nauli ya kurudi alikuwa hana.

Inaniuma zaidi kwa sababu sayansi hii ina mizizi Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, akaanza kuufuatilia uvimbe huo. Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka wiki kumi hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali: watoto wa namna hii mnao? Walibaini kwamba uvimbe huo hufuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale yenye malaria. Desemba 1963 sampuli ya uvimbe ilipakiwa kwenye ndege kutoka Uganda kwenda London. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, na sampuli ikachelewa. Maji yake yalikuwa yametibuka, ya kutupwa. Anthony Epstein hakuyatupa. Aliyatazama kwa hadubini akakuta seli za saratani zinaelea zikiwa hai, na mwaka uliofuata yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1982 watafiti wakaonyesha kinachotokea ndani ya seli hizo: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni liitwalo MYC hukatika na kujipachika kwingine, aghalabu kwenye kromosomu ya 14, na seli huanza kugawanyika bila breki.

Elimu hiyo yote ilianzia kwenye mataya ya watoto wetu. Sampuli ile ilichelewa, ila ilifungashwa na mtu aliyejua anachokifanya, na ikapokewa na mtu aliyekuwa akiingojea. Kopo la Kilwa linakosa vyote viwili.

Wapo watakaoniambia kwamba Lindi inahitaji vyandarua kwanza, haya ya jeni ni ya matajiri. Chandarua nakitaka kwa nguvu zote, na kwa mtoto kinakinga hata uvimbe huo wa Burkitt, kwa kuwa malaria ni mwenza wake. Ila mtoto ambaye taya limeshavimba hatibiwi kwa chandarua. Saratani hiyo hukua upesi kupita kiasi, na ikiwahiwa kwa dawa, mara nyingi inapona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, pamoja na wenzao wa Uganda na Oxford, wamekuwa wakijaribu kuitambua kwa kusoma vinasaba vya uvimbe vinavyozunguka kwenye damu, ili mtoto asingojee majibu ya kinyama huku anazidi kuvimba. Nani ana haki ya kwanza ya kipimo hicho kuliko mtoto wa ukanda wa malaria?

Kwa saratani ya titi nako ni hivyohivyo. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha mahali lilipo jeni la BRCA1, na leo dada wa mgonjwa anaweza kupimwa kabla hajaugua. Lakini takwimu za kulinganishia zimetoka kwa Wazungu kwa sehemu kubwa, hivyo mwanamke wa Kiafrika hupewa mara nyingi zaidi jibu lisemalo maana ya badiliko hili haijulikani. Haitajulikana mpaka tusomwe wengi, wakiwemo watu wa Kilwa.

Wanafunzi wa sekondari huku kwetu huniuliza wafanyeje wawe watafiti wa saratani, na wanadhani nitawatajia mashine za mabilioni. Nawaambia waanze na kopo. Sababu yake ilionekana Mei 2024: kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika wilayani Kilwa. Kinyama kilichotunzwa vizuri kinavumilia kusubiri barabara; kilichotunzwa vibaya kimeshapotea kabla basi halijafika Nangurukuru.

Madiwani wa Kilwa na Lindi watakapokaa tena kwenye bajeti, ombi langu kwao ni hili. Lita moja ya formalini iliyosawazishwa ni mililita 100 za formalini kali, mililita 900 za maji safi, gramu 4 za chumvi moja ya fosfeti na gramu 6.5 za nyingine. Fundi wa maabara wa hospitali ya wilaya anaiandaa mwenyewe asubuhi moja. Mnunulieni chumvi hizo, makopo yenye mdomo mpana na kalamu isiyofutika, kisha mumpeleke mafunzo ya kuandaa vinyama, yeye na kijana mmoja wa kumrithi.