Gesi, nahodha na mwenye chombo

JICHO LA KUSINI
Na Somoe Mkwinda

Kwenye mabaraza ya kahawa hapa Rahaleo, Mtwara, ukitaja gesi tu, hakosi mtu wa kukukata kauli: "Hayo mambo ya kitaalamu, waachieni wenyewe." Hajui kwamba anamsemea Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale.

Plato alikuwa bado kijana mwaka 399 kabla ya Kristo, mahakama ya raia wa Athens ilipompigia kura mwalimu wake, Socrates, anyweshwe sumu. Hakuusamehe umma. Katika kitabu chake cha Jamhuri anasimulia chombo ambacho mwenyewe ana nguvu, ila masikio mazito na haoni mbali. Mabaharia wanagombea usukani, na anayezijua nyota wanamwita mpiga porojo. Watu wa pwani tunamwelewa haraka: mwamba haupigiwi kura.

Mwaka 2013 hoja hiyo ya kuwaachia wataalamu ilifika Mtwara, katika mgogoro wa bomba la gesi. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Sospeter Muhongo, ni profesa wa jiolojia. Nani abishane naye habari za miamba? Wananchi wakajibu: gesi haitoki. Januari, na tena Mei 22 bajeti ya wizara yake iliposomwa Dodoma, moto uliwaka na watu wakafa. Waliochoma nyumba za wenzao siwatetei. Hapo Plato angetikisa kichwa, na asingekosea.

Ila swali la Mtwara halikuwa la miamba. Watu waliuliza kwa nini gesi ya Msimbati isafiri zaidi ya kilometa 500 kwa bomba hadi Dar es Salaam, ilhali wakati ule Mtwara na Lindi zilikuwa hazijaunganishwa hata na gridi ya Taifa. Kwa swali hilo profesa hamzidi kitu mama anayebangua korosho. Aristotle, mwanafunzi wa Plato mwenyewe, aliliona: ubora wa nyumba anaujua anayelala ndani kuliko fundi, na chakula kinahukumiwa na mlaji, si mpishi.

Tena, katika kisa kile cha Plato, mwenye chombo ni wananchi. Novemba 2014 kamati ya Bunge iliagiza vigogo wa TPDC, shirika la petroli la Taifa, wakamatwe kwa kukataa kuwasilisha mikataba ya gesi. Wabunge walinyimwa, sembuse sisi wa Rahaleo! Halafu tunaambiwa hatuoni mbali.

Sasa mradi wa gesi wa Likong'o, kule Lindi, umejadiliwa miaka nenda rudi. Siku mkataba ukisainiwa, utolewe wote, kwa Kiswahili, hadi ofisi za kata. Wataalamu waje kwenye mkutano wa hadhara watueleze kipengele kwa kipengele, na maswali yaanzie kwa wenye mashamba ya Likong'o.