Mtandao Uliopita Bila Kupingwa

Makamanda, wiki iliyopita mwenzangu wa darasani alinipigia. Anaenda field Liwale, mkoani Lindi, ambako ndiko kwetu, akataka kujua asajili laini gani. Nikamwambia: kwanza niambie utalala kijiji gani.

Mjini tunachagua laini kwa bei ya bando. Kwetu bando linakuja mwisho. Unauliza: inashika ndani ya nyumba, au mpaka uende kwenye mwembe? Wakala wake yuko wapi, na floti anayo?

Mama ana kitochi cha laini mbili. Ya kwanza inashika vizuri, ila wakala yuko kijiji cha pili. Ya pili ina wakala hapo jirani, ila meseji haiingii mpaka upande kichuguuni. Boom likitoka nikamtumia elfu ishirini kwa ile inayoshika, bodaboda anakula elfu sita kwenda na kurudi, hata sabuni hajanunua.

Tangu Machi 2017 tunaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Haki nzuri. Lakini utahamia wapi kama mnara ni mmoja? Mchezo huu tunaujua. Mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wetu walienguliwa na vijiji vingi vikapata mwenyekiti aliyepita bila kupingwa. Mtandao wenye mnara peke yake nao umepita bila kupingwa. Ukilalamika, ukinyamaza, kesho utanunua vocha yake tu.

Kuna watakaosema ndiyo biashara, kampuni haiwezi kupoteza hela porini. Kweli, mnara ni gharama: umeme, ulinzi, barabara ya kufikisha mafundi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Makampuni ya simu yanachangia, na mfuko unatoa ruzuku kwa kampuni inayokubali kujenga pale ambapo biashara peke yake hailipi. Na tusiwe waongo, minara ya ruzuku imejengwa sehemu nyingi. Kwa hiyo tukidai wetu hatuombi hisani ya mtu, na mbunge asije kutuuzia mnara kama zawadi yake.

Likizo hii, kila mmoja akiwa kwao, aende mkutano mkuu wa kijiji. Ule ni wa kila mkazi mtu mzima, hauingii kwa kadi ya chama. Simama umuulize diwani mambo matatu. Kata yetu imo kwenye mpango wa mfuko? Kama imo, kampuni gani imepewa na mnara utawashwa lini? Ukishawaka, kampuni nyingine zitafunga mitambo yao humo humo? Hilo la tatu msilisahau. Mnara mmoja unaweza kubeba kampuni zaidi ya moja, na hapo ndipo mama ataanza kuchagua kweli. Hakikisheni majibu yanaandikwa kwenye muhtasari, maana ya mdomo yanasahaulika.

Mwenzangu nimemshauri abebe laini mbili, akifika awaulize kina mama wanaouza sokoni wanatumia ipi. Kaahidi kunipigia. Asipopatikana, nitajua kapangiwa nyumba ya bondeni.