Luanda Kotieno Inaiona Mbita Ng'ambo, Lakini Kucheza Nayo ni Noma: Nani Alichora Hii Ramani ya Michezo ya Shule?

Ukisimama kwa gati ya Luanda Kotieno huko Uyoma, Mbita iko hapo tu mbele yako. Feri inabeba magari, mabunda ya omena, mathe na mizigo yake, na kama saa moja hivi unashuka ng'ambo. Ukiamua kwenda na barabara, jipange: Ndori, Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, ndio ufike Mbita. Yaani umezunguka Ghuba ya Winam karibu yote.

Sasa chukua mtoi wa form three pale Chianda High, striker moto. Na ng'ambo pale Mbita High kuna beki ambaye kila mtu wa beach anamsifu. Hawa wawili wanaweza kutana lini kwa mechi ya maana? Jibu ni chungu. Chianda iko Rarieda, kwa hivyo lazima kwanza ishinde zoni, halafu kaunti ndogo, halafu iende Siaya ipambane na mabingwa wa Alego Usonga, Bondo, Gem, Ugenya na Ugunja. Mbita nayo ifanye hivyo hivyo Homa Bay. Zote mbili zikishinda ndio zinapatana kwa michezo ya Nyanza. Ikiwa moja itateleza mahali, ng'ambo itabaki ng'ambo.

Na si ati hii ni shida ya Uyoma pekee. Ni ramani nzima ya michezo ya shule Kenya, na wasee wengi hatujawahi kuikalia chini tukaicheki vizuri.

Marekani walichora yao na ganji

Kama unafuatilia michezo ya vyuo vikuu Marekani, unajua miaka ya karibuni huko kumekuwa na hepa hepa mbaya sana. Vyuo vyao hucheza kwa makundi yanaitwa konferensi, na zamani haya makundi yalifuata ujirani. Pac-12 ilikuwa ya pwani ya Pasifiki, Big Ten ya kule katikati. Halafu TV ikakuja na doo. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini mkataba na Fox, CBS na NBC, na ripoti zikasema ni zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Mwaka huo huo USC na UCLA za Los Angeles zikatangaza zinahama kwenda Big Ten. Mwaka uliofuata Oregon na Washington zikafuata. Kufikia 2024 Pac-12 ilikuwa imebaki na vyuo viwili tu, Oregon State na Washington State. Stanford na Cal, ambazo ziko karibu na San Francisco, zikaishia kwa konferensi ya pwani ya Atlantiki. Unavuka nchi nzima kucheza mechi ya "ligi ya nyumbani."

Hii inatugusa kwa sababu vijana wetu wako ndani. Edward Cheserek alitoka Kenya akashinda mataji 17 ya NCAA akikimbilia Oregon, wakati Oregon ilikuwa Pac-12. Mkenya anayeenda Oregon leo kwa skolashipu anashindania taji la Big Ten, na wapinzani wake ni wengine kabisa.

Lakini kitu kilichowauma mafans zaidi ni madabi. Texas na Texas A&M walikuwa wanachapana tangu enzi za babu zao. A&M ikahama konferensi, na kutoka 2011 mpaka Novemba 2024 hawakupatana kwa uwanja wa futboli yao. Miaka 13 kavu, na hawa ni majirani wa jimbo moja.

Yetu ilichorwa na serikali

Huku kwetu hakuna TV inagombania Siaya dhidi ya Homa Bay. Ramani yetu ilitoka kwa mipaka ya serikali, na hapo ndipo stori inakuwa tamu.

Michezo ya shule za upili inasimamiwa na KSSSA. Ngazi ni zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, halafu timu za juu zinaenda FEASSSA kupambana na Uganda, Tanzania, Rwanda na wengine. Muhula wa kwanza ni raga ya watu 15, hoki, basketboli na handiboli. Muhula wa pili ni soka, voliboli, netiboli na raga ya watu 7.

Cheki hiyo ngazi ya kanda. Ziko 8: Nairobi, Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki. Unazijua hizo? Hizo ni zile provinsi za kitambo! Katiba ya 2010 ilizifuta kama serikali, na kutoka 2013 tuna kaunti 47 zenye magavana. Kwa uwanja, provinsi bado zinaishi na afya yao ni nzuri tu.

Sasa piga hesabu. Bonde la Ufa lina kaunti 14. Mashariki 8. Pwani na Nyanza 6 kila moja. Kati 5, Magharibi 4, Kaskazini Mashariki 3. Nairobi ni kaunti moja. Na kwa kawaida kila kanda inapeleka bingwa wake kwa kitaifa.

Mtu atasema Nairobi ina watu wengi, na ni ukweli. Sensa ya 2019 ilipata karibu watu milioni 4.4 Nairobi. Lakini Bonde la Ufa lilikuwa na karibu milioni 12.8, Nyanza karibu 6.3, Magharibi kama milioni 5. Kwa hivyo mtoi wa Bonde la Ufa anang'ang'ania nafasi ile ile akiwa kwa foleni ndefu karibu mara tatu kuliko wa Nairobi.

Halafu kuna vituko. Laiser Hill Academy, ile shule inajulikana kwa basketboli, iko Ongata Rongai. Wewe na mimi tunajua Rongai ni Nairobi ya kulala: asubuhi mathree, jioni mathree. Lakini kwa karatasi ni Kajiado, na Kajiado ni Bonde la Ufa, kanda moja na Turkana. St Anthony's Kitale nayo iko Trans Nzoia, jirani kabisa wa Bungoma na Kakamega, lakini pia ni Bonde la Ufa. Ukicheka Stanford kucheza kwa ligi ya Atlantiki, jicheke pia kidogo.

Maseno: shule moja, mipaka mingi

Kama unataka kuona vile laini ya kalamu inaweza geuza dabi, enda Maseno.

Maseno School ilianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1906. St Mary's Yala ikaja 1927 chini ya Wakatoliki wa Mill Hill. Kutoka hapo ikawa ni wao kwa wao: Waanglikana na Wakatoliki, darasani na uwanjani. Jaramogi alisoma Maseno, Tom Mboya akasoma Yala, kwa hivyo hata siasa za nchi hii zimebeba kidogo ya hiyo dabi. Leo Maseno iko Kisumu na Yala iko Gem, Siaya. Wako karibu sana, lakini kwa njia ya ubingwa wanapatana tu kila mmoja akiwa ametoboa kaunti yake.

Kabla ya 1963, hakukuwa na Mkoa wa Magharibi. Kakamega ilikuwa ndani ya Nyanza, ikiitwa North Nyanza. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 ndiyo ilileta ule mgawanyiko, na Uhuru ulipofika Waluhya wengi wakawa na mkoa wao. Kwa hivyo Maseno na Kakamega School, ambazo leo zikikutana kwa kitaifa watu wanasema ni Nyanza dhidi ya Magharibi, zilianza zikiwa mkoa mmoja.

Na hiyo stori haijaisha. Mpaka wa Kisumu na Vihiga pale Maseno una mvutano wa miaka mingi, viongozi wa Vihiga wakidai ni yao. Tuseme siku moja laini isogezwe. Bila kujenga ukuta mmoja, bila kubadilisha jezi, Maseno School ingeamka iko kanda ya Magharibi, ikipigania tiketi na Kakamega, Musingu na Chavakali. Mafans wa Gor na Leopards wanaitana mashemeji. Hapo shemeji angehamia kwako na godoro lake.

Derby tamu, tiketi moja

Dabi za ndani ya kanda zina utamu wake lakini zina bei. Angalia hoki ya wasichana. Sinyolo Girls ya Kisumu na Nyamira Girls ya Siaya ni majina yanaogopwa Kenya nzima. Zote ni Nyanza. Kanda ikipewa tiketi moja, mmoja wa vigogo hao anarudi nyumbani kupiga deki, na timu ambayo pengine ingelambwa na wote wawili inasafiri kitaifa kutoka kwingine. Magharibi wanajua hayo maumivu kwa soka, ambapo Kakamega na Musingu wanaziba njia moja.

Kwa msee wa Nairobi hii inaweza kuwa stori ya mafans tu. Kwa mtoi wa Luanda Kotieno ni maisha. Kitaifa ndipo makocha wa klabu wanakaa na notibuku. FEASSSA ndipo wanakaa wale wa nje, kama ilivyokuwa Uganda 2024 na Kakamega 2025. Akikwama ngazi ya kaunti, kipaji chake kitaonwa na wavuvi na mwalimu wa gemu, basi. Ndiyo maana wazazi na makocha wanajua njia ya mkato: ukiwa na mtoi mkali, mhamishe aende shule kubwa. Shule ya beach inalea, shule ya taji inavuna. Konferensi zetu haziibi timu kama Big Ten. Ni shule kubwa zinachukua wachezaji, mmoja mmoja.

Sasa kuna ramani ya tatu

Januari 2026 Grade 10 ya kwanza iliingia shule za upili za juu, na mfumo wa 8-4-4 utafanya KCSE ya mwisho 2027. Chini ya mfumo mpya mwanafunzi anachagua mkondo: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Zile kubwa zina nafasi zaidi ya kuwa nayo yote, kwa sababu zina uwanja, walimu na vifaa.

Unaona inakoenda? Mtoi anayetaka michezo iwe masomo yake ataelekezwa kule mkondo uko. Hii ni poa kwa sababu mwishowe serikali inakubali michezo ni kazi. Lakini bila mpango, ni ile ile hepa hepa ya wachezaji, safari hii ikiwa na baraka za wizara. Shule ndogo za kutwa kando ya ziwa zitabaki na zoni zisizo na ushindani.

Tufanye nini?

Wengine watasema tutupe kanda za zamani tutumie jumuiya za kaunti, kama ile ya Ziwa yenye kaunti 14, kutoka Migori mpaka Trans Nzoia. Kwa karatasi inapendeza. Ujirani unarudi, Kitale inacheza na Kakamega. Lakini hesabu inagoma: leo Nyanza na Magharibi wana tiketi mbili. Ukiwaweka pamoja na kuongeza St Anthony's juu yake, kisha uwape tiketi moja, umetengeneza kichinjio.

Kuna njia rahisi zaidi. Kwanza, kanda zibaki lakini tiketi zifuate wingi wa shule zinazoshiriki, na timu za pili zilizo bora zipewe mlango wa mchujo. Ndiyo, inaongeza mabasi na vitanda, na hela za michezo zinazotoka kwa kapiteshoni huchelewa mara nyingi. Kwa hivyo mchujo ufanywe kati ya kanda jirani, siku moja, bila kulala.

Pili, dabi zilindwe nje ya ubingwa. Washington na Washington State walitengana konferensi, lakini wakasaini kuendelea kuchapana kila mwaka. Maseno na Yala hawahitaji ruhusa ya mtu kuwa na Jumamosi moja kwa kalenda. Rarieda na Mbita pia. Timu ya watu 18, walimu wawili, feri ya asubuhi, mechi saa sita, feri ya jioni. Ward na hazina ya maendeleo ya eneo bunge zinalipa vitu vya bei kali kuliko hiyo.

Tatu, kabla wizara haijamaliza kugawa mkondo wa michezo, kila kaunti ndogo iwe na angalau shule moja ya kutwa inayoutoa, ndio mtoi wa Uyoma asilazimike kuhama nyumbani ili aitwe mchezaji.

Provinsi zilikufa 2013. Huyu striker wa Uyoma alikuwa bado anajifunza kutembea. Hakuna sababu ya maana mpaka wake uendelee kuamua kama atavuka maji kucheza, ama atavuka tu kuuza samaki.