Aliyeteswa na polisi asitumwe kwa polisi kuomba fomu



Nina lalamiko ambalo familia nyingi hapa Kenya zinalo ila huishia kulisemea jikoni. Mtu akipigwa na polisi akiwa korokoroni, kisha akataka ushahidi wa kipigo hicho, hurudishwa kwa polisi. Fomu ya P3 ni ya polisi. Sehemu yake ya kwanza hujazwa na afisa wa kituo, ndipo daktari naye aandike alichokiona mwilini.

Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mimi, ni mwendeshaji wa bodaboda. Alikamatwa usiku kwa ajili ya pikipiki ya wizi ambayo hakuwahi kuiona. Polisi walimlaza kifudifudi, wakamfunga miguu kwenye benchi, wakamchapa nyayo kwa kipande cha mpira wa maji ili akiri. Hakuwa na la kukiri. Walimwachilia bila shtaka lolote, na nilipomkuta nje ya kituo alikuwa ameshika viatu mkononi kwa sababu miguu haikuingia.

Hospitalini walimpa dawa za maumivu, wakatuambia tukalete P3. Tulirudi kituoni tukiwa tumemshika huku na huku. Afisa wa zamu alimtazama miguu, akanigeukia: "Mama, nani amekwambia alipigwa hapa?" Kisha akaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba kijana alianguka na pikipiki. Nilikataa kuondoka na maneno hayo. Tukaanza kuzungushwa: mkuu wa kituo hayupo, fomu zimekwisha, njooni kesho. Wanaojua kutesa wanajua pia kwamba uvimbe wa nyayo haukai. Tulipoipata ile fomu, daktari aliandika "maumivu anapokanyaga" na hakuwa na mengi ya kuongeza.

Watu huniuliza mbona hakwenda tu kulalamika. Wasomaji watamkumbuka Josephat Mwendwa, naye wa bodaboda, aliyepigwa risasi na afisa wa polisi kisha akapeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Juni 2016, akitoka mahakamani Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa nyara wakauawa, miili yao ikatolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Afisa yule alihukumiwa kifo Februari 2023. Haki ilipatikana, lakini kijana anayesimama mbele ya meza ya kituo akiomba fomu anajua habari hiyo kuliko anavyojua sheria.

Na sheria ipo. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema uhuru wa kutoteswa haupunguzwi kwa sababu yoyote ile. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inatoa kifungo cha hadi miaka 25 kwa anayetesa, na maisha iwapo aliyeteswa atakufa. Lakini hakimu atamfunga nani ikiwa karatasi inasema kijana alianguka? Juni 2025 polisi walituambia kwamba Albert Ojwang, mwalimu waliyemsafirisha kutoka Homa Bay hadi kituo cha Central Nairobi na aliyekufa akiwa mikononi mwao, alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Wanapatholojia ndio waliosema la, wakaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama za kipigo mwilini, na Inspekta Jenerali wa Polisi akaomba radhi mbele ya Seneti. Sasa kesi ya mauaji iko mahakamani. Ojwang alipata madaktari huru kwa kuwa alikufa na nchi nzima ikapiga kelele. Walio hai wakichechemea mitaani hawana wa kuwapigia kelele.

Kuhusu fidia, nitasema jambo moja linaloniumiza. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee wetu 5,228 walioteswa kambini wakati wa Mau Mau. Waliotesewa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, katika nchi iliyo huru, mahakama zimekuwa zikiamuru walipwe tangu 2010, na wapo waliokufa wakisubiri. Iweje mkoloni alipe kabla yetu?

Ninachoomba Bunge na Wizara ya Afya ni hiki. Daktari wa hospitali yoyote ya umma aruhusiwe kumpima na kuandika ripoti ya mtu anayedai kuteswa na polisi papo hapo, bila barua wala muhuri wa kituo, na ripoti hiyo ikubalike mahakamani. Umoja wa Mataifa una mwongozo wa kazi hiyo, Itifaki ya Istanbul, tangu 1999. Madaktari wetu wafundishwe kuutumia. Matibabu yawe bure, pamoja na ya akili, maana kijana wangu siku hizi akisikia king'ora huacha abiria barabarani. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 ilitaja hazina ya kuwasaidia watu kama yeye. Sisi hakuna aliyetutajia hazina hiyo, si kituoni wala hospitalini, na dawa nimenunua mwenyewe.

Kwa mzazi ambaye haya yatamkuta kabla serikali haijasikia: anza hospitali, usianze kituoni. Piga picha za majeraha siku hiyo hiyo, mweleze daktari ni nani aliyempiga mwanao na kwa kitu gani, uombe ayaandike. Weka kila risiti. Malalamiko yapeleke moja kwa moja IPOA au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na usitie sahihi maelezo yoyote ambayo hukusomewa.

Mama mlezi,
Nakuru